Vidonge Viwili Wakati wa Futari

Naitwa Mwajuma. Nina miaka arobaini na nne, ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tabora. Kwa miaka tisa sasa nafua na kupiga pasi nguo za watu nisiowajua, katika hoteli moja ya mtaa wa Al Rigga hapa Dubai. Akina mama wa kikundi chetu waliniomba nieleze jinsi moyo ulivyonisumbua na jinsi dawa zilivyoutuliza. Niliwaeleza kwa mdomo, wakasema niandike, maana habari ilishaanza kutembea yenyewe, na huko ilikofika watu wanasema nilipasuliwa kifua. Sikupasuliwa. Nilipewa vidonge, nikavimeza vibaya, nusura vinimalize, halafu nikajifunza kuvimeza inavyotakiwa. Leo ni mzima. Naandika haya nikiwa nimekaa kitandani kwangu na kikombe cha chai, na moyo unakwenda taratibu kama wa watu wengine.

Kabla ya kuugua nilikuwa mwanamke wa nguvu, na nilijua hivyo. Laundri yetu iko chini kabisa ya hoteli, haina dirisha, na joto la mashine za kukaushia linakutoa jasho hata mwezi wa kwanza. Nilikuwa nabeba peke yangu mabunda ya shuka ambayo wanaume wanayabeba wawili wawili. Mtu akiumwa nilimfanyia shifti yake, naye siku nyingine alinifanyia yangu. Ndivyo tunavyoishi pale. Mmoja anapiga dabo leo, kesho analala, na msimamizi hana neno mradi shuka zimepanda vyumbani. Kwa tabia sitajisifu. Nina mdomo, nina kiburi, na sipendi kuulizwa jambo mara mbili.

Kiburi changu kikubwa kilikuwa funga ya Ramadhani. Tangu nilipovunja ungo sikuwahi kula mchana wa mwezi ule, ila zile siku ambazo mwanamke ameruhusiwa, na za mimba zangu mbili, nazo nililipa zote. Kwetu mtu anayekula mchana kwa kujificha anaitwa kobe, na mimi nilikuwa hodari wa kuwatambua makobe. Nilikuwa namtazama mtu midomo, namnusa pumzi, kisha namtania mpaka anakimbia. Kule laundri mwenzangu wa kufunga alikuwa Hadija, Mganda wa Masaka, mwanamke wa makamo kama mimi, anayesimama mashine ya pili. Tulikuwa tunafuturu pamoja nyuma ya mashine za kukaushia, tende saba kila mmoja, na ilikuwa fahari yetu kwamba hakuna siku tuliyolegea.

Ugonjwa ulianza na leso. Niliinama kuokota leso ya mezani iliyodondoka, na nilipoinuka moyo ulikuwa unakwenda mbio. Haukupanda kidogo kidogo kama ukikimbia ngazi. Ulianza ghafla, mara moja, kama mtu amebonyeza swichi. Shingo ilikuwa inaruka, masikio yanavuma, miguu inalegea. Nilishika meza nikajifanya nakunja nguo. Baada ya dakika kama kumi ukakoma vilevile, ghafla, na mimi nikaenda chooni kukojoa mara tatu mfululizo, mkojo mwingi, mweupe kama maji ya bomba. Baadaye niliambiwa kwamba hata huo mkojo ni dalili. Wakati ule nilijisemea ni gesi.

Gesi hiyo ilirudi baada ya wiki mbili, kisha kila wiki, kisha mara mbili kwa siku. Naishi Al Qusais, chumba kimoja na wanawake wengine watatu, na kitanda cha chini ya changu analala Nekesa, Mkenya wa Bungoma, mlinzi katika jengo moja refu la Dubai Marina. Nekesa ni Mkristo, hachezi na Jumapili yake, na ndiye ndugu niliyempata katika nchi hii. Jioni moja alinikuta nimekaa sakafuni nimeshika kifua. Akanitazama shingo muda mrefu, akauliza ni gesi gani hiyo inayoruka shingoni. Nikamwambia aniache. Akasema ataniacha, lakini nikifa yeye hataki kuulizwa na polisi.

Kwa nini sikwenda hospitali? Kadi ya bima ninayo, kampuni inatukatia. Wengine wanaogopa kufutiwa viza na kurudishwa nyumbani, nami hilo lilinipitia kichwani. Lakini nitasema ukweli hata kama unanidhalilisha. Nilichoogopa zaidi ni daktari kuniambia nisifunge tena. Nilikuwa nimemwona mama yangu mdogo akikatazwa kwa sababu ya vidonda vya tumbo, na jinsi alivyokuwa akikaa jikoni peke yake wakati wenzake wanapanga futari. Nilijiapiza hayo hayatanipata.

Siku ya siku moyo uliamua kwa niaba yangu. Nilikuwa nalisha shuka kwenye mashine ya kunyoosha, saa nne asubuhi, ukaanza, na safari hii haukukoma. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Jasho lilikuwa la baridi. Macho yaliingia giza pembeni, na mashine nikawa naiona mbali. Hadija ndiye aliyebonyeza kitufe cha kuizima kabla mkono wangu haujafuata shuka. Madam, msimamizi wetu Mfilipino, alikuja akaniwekea vidole shingoni, akahesabu, akaacha kuhesabu, akapiga simu. Nilimwomba asipige. Tayari alikuwa anawaelekeza mlango wa kuingilia.

Hospitali walinibandika nyaya kifuani, na mashine ikaandika mapigo mia moja tisini na sita kwa dakika. Daktari wa moyo alikuwa mama wa Kisudani, mtulivu, kilemba kimefungwa vizuri. Tulizungumza kwa Kiingereza changu cha kazini na Kiarabu changu cha dukani, na tulielewana. Kwanza alinipa bomba la sindano tupu, akaniambia nipulize kwa nguvu mpaka kile kisukumio kisogee, kisha wakanilaza haraka na kuninyanyua miguu. Alisema wakati mwingine hilo peke yake linatosha kuukatiza moyo. Wangu ulikataa. Akaniuliza mara tatu kama nina pumu, maana dawa anazotaka kunipa na pumu hazipatani. Sina. Basi wakanichoma sindano ya mshipa kwenye kiwiko.

Kabla ya kuisukuma ile dawa aliinama karibu na uso wangu.

"Utajisikia vibaya sana kwa pumzi chache," alisema. "Utadhani unakufa. Hufi."

Aliisukuma mara moja, na maji nyuma yake. Uso ukawaka moto, kifua kikabanwa, moyo ukayumba, kisha ukaendelea na mbio zake. Haikutosha. Akaongeza ya pili, kubwa zaidi, na hapo ndugu zangu nilitamka shahada. Nilihisi moyo umesimama. Kweli ulisimama, nukta chache, na mstari kwenye mashine ukanyooka nikiuona kwa macho yangu. Kisha ukapiga. Ukapiga tena. Taratibu, kwa adabu, kama si wenyewe uliokuwa unanitesa tangu asubuhi. Nililia kwa raha. Nilikuwa nimesahau jinsi kifua kinavyokuwa kikiwa kimya.

Baadaye daktari alinieleza. Moyo unaendeshwa na umeme wake wenyewe, na umeme huo una njia yake. Mimi nilizaliwa na kinjia cha ziada, na mara nyingine umeme unaingia humo, unaanza kuzunguka kama gari lililoingia kipilefti likakosa pa kutokea. Kila mzunguko ni pigo. Ile sindano inasimamisha njia panda nzima kwa kitambo kidogo sana, na gari linakosa pa kuzungukia, linasimama. Vidonge ambavyo angenipa vinafanya kazi tofauti. Havifungi kile kinjia, vinapunguza mwendo wa umeme ili mzunguko usianze, na ukianza usiwe mkali. Alisema ipo pia njia ya kukichoma kile kinjia kwa waya unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, na nikitaka siku za mbele tutaizungumza. Nikachagua vidonge. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, kila siku, hata nikijisikia mzima.

Mwisho akauliza kama nina swali lolote. Ramadhani ilikuwa imebaki wiki tatu. Nilikuwa na swali moja tu duniani, nikasema sina.

Wiki ya kwanza ya vidonge nilikuwa mchovu kama niliyetoka kujifungua. Vidole vilikuwa baridi ndani ya lile joto la laundri, wenzangu wakawa wanaomba niwashike shingoni wapoe. Usiku niliota ndoto nyingi zisizo na kichwa wala miguu. Daktari alikuwa amenionya kuhusu hayo yote, na alisema mwili utazoea. Ulizoea. Kufikia wiki ya tatu nilipanda ngazi, nilibeba mabunda, niliinama na kuinuka nikiwa nangoja ile swichi, na swichi haikubonyezwa. Nilifurahi mno. Nilimnunulia Nekesa kuku wa kukaanga nikamwambia ile gesi imekwisha.

Mwezi ukaandama. Na mimi nikafanya hesabu zangu, hesabu za mtu wa laundri. Kidonge cha asubuhi siwezi kukimeza mchana nimefunga. Je, si nikisogeze jioni? Mbona sisi wenyewe shifti za asubuhi tunazisogeza jioni, mtu anapiga dabo, na kazi inafanyika yote? Nilijiona nina akili kuliko daktari. Adhana ya magharibi ikilia, nilikula tende zangu, nikanywa maji, nikameza vidonge viwili kwa mpigo. Nilijisifia sana. Kumeza wakati wa daku nako niliwaza, lakini nilikuwa mtu wa kuamka kwa tabu, nikaogopa nitapitiwa na usingizi nikose kabisa.

Kilichofuata kingenifundisha kama ningekuwa mtu wa kufundishika. Kuanzia siku ya tatu, kila saa tisa alasiri, moyo ulianza kuchokoza. Mbio za dakika mbili, tano, kisha mkojo mwingi, na baada ya mkojo kiu ya kunifanya niyatazame maji ya kulowekea nguo. Jioni ndiyo ikawa kinyume. Baada ya vile vidonge viwili mwili ulinyong'onyea, nikiinuka kichwa kinazunguka, mikono ni barafu. Niliyaita hayo mtihani wa Ramadhani. Nilisali zaidi, na sikumwambia mtu.

Siku ya kumi na moja, nimemaliza sala ya isha chumbani, niliinuka kwenye mkeka na sikumbuki kufika juu. Nilipofumbua macho Nekesa alikuwa amepiga magoti, bado amevaa sare ya kazi, kichwa changu kwenye mapaja yake. Damu ilikuwa inatoka juu ya jicho, nilikuwa nimegonga ukingo wa kitanda. Alikuwa ameshaita gari la wagonjwa. Aliniuliza nimemeza dawa saa ngapi, na kwa kuwa sikuwa na nguvu za kudanganya nikamweleza mpango wangu wote.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, na Nekesa akisema chini ujue amekasirika.

"Sikiza, dada. Kwetu kazini mtu wa asubuhi akikosa kufika, huwezi weka wawili jioni useme geti ililindwa. Mchana wezi wameingia. Na hao wawili wa jioni wanazuia hata wenyeji."

Nimeelezwa na madaktari watatu tangu siku ile, na hakuna aliyenieleza vizuri kuliko huyo mlinzi.

Hospitali mapigo yalikuwa thelathini na nane. Presha ilikuwa chini kiasi kwamba muuguzi alipima mara mbili. Walinitundikia maji, wakanishona nyuzi tatu juu ya jicho, wakanilaza na zile nyaya mpaka dawa ipungue mwilini. Asubuhi alikuja yule mama wa Kisudani. Nilikuwa nimejiandaa kwa makaripio, na makaripio nilipata. Alisema kidonge kile nguvu yake haimalizi siku nzima, ndiyo maana kimegawanywa mara mbili. Alisema nilikuwa najiachia mchana bila kinga na jioni najipa sumu. Kisha akavuta kiti.

"Nami nimefunga leo," alisema. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Niliogopa utanikataza."

"Mwezi huu nakukataza. Mwaka ujao tutazungumza. Lakini ungekufa jana, ningemzungumzisha nani?"

Nilimpigia simu kaka yangu Idi, ambaye anafundisha madrasa kule Tabora, nikitumaini ataniunga mkono. Kaka Idi alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeshaumbuliwa nusu. Akaniuliza kama nadhani ruhusa ya mgonjwa iliwekwa kwa ajili ya watu wengine wote isipokuwa Mwajuma. Akaniombea dua, akasema akisikia nimefunga tena mwezi huo atapanda ndege, na kaka Idi anaogopa hata ngazi.

Basi nikala. Lakini nilikula vipi? Kuna stoo moja laundri wanamoweka mapazia ya zamani. Saa saba mchana nilikuwa naingia humo na mkate na chupa ya maji, nameza chakula kama mwizi, nafuta midomo, natoka. Nikawa kobe kamili, mimi niliyekuwa nawanusa wenzangu. Hadija aliponiuliza nilianguka kwa nini, nikamwambia damu imepungua. Magharibi nilikaa naye nyuma ya mashine, nikala tende saba kama mtu aliyefunga. Aibu ya jambo hilo bado ninayo, na mtaona nilivyoilipia.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa kujifunza. Daktari alinibadilishia dawa. Ni ya aina ileile, lakini imetengenezwa ikatike polepole tumboni, kimoja kinatosha siku nzima, na ni mwiko kukitafuna au kukivunja. Kwa miezi kadhaa nilikimeza asubuhi. Kisha tukakihamishia jioni hatua kwa hatua, akiniangalia. Nilijifunza kuhesabu mapigo kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, na nilinunua daftari la kuandikia. Miezi ya baridi ilipofika akaniruhusu nilipe zile siku zangu, Jumatatu moja moja, nikimletea daftari kila mara. Niliifurahia ile kazi kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa naujua moyo wangu kama ninavyoijua mashine yangu, inapolia vizuri na inapotaka fundi.

Ramadhani ya mwaka huu ilipokaribia nilikwenda kuuliza swali langu kwa mdomo wangu. Alikubali, kwa masharti. Nifuturu kwa maji na tende ndipo nimeze kidonge. Nisiache daku. Kahawa nzito niisahau. Na moyo ukianza mbio mchana, nilale, nipulize bomba la sindano kama lile la hospitali, ninyanyue miguu. Dakika kumi zikipita haujakoma, nifungue hapohapo, ninywe maji na nimeze kidonge kidogo cha akiba alichonipa. Usipotulia ndani ya nusu saa, au kichwa kikizunguka, niite gari. Akanifanya nirudie masharti yote kwa sauti. Nilirudia, mimi nisiyependa kuulizwa mara mbili.

Siku kumi na tisa zilipita kwa amani. Sijawahi kufunga kwa furaha vile. Moyo ulikuwa kimya toka daku mpaka magharibi, na nikaanza kuwaza kwamba hata kile kidonge cha akiba nitakirudisha hospitali.

Siku ya ishirini, saa nane mchana, niliinama kuchukua bunda na swichi ikabonyezwa. Nilikaa chini. Nikalala palepale kwenye marundo ya taulo, nikapuliza bomba, Madam akaninyanyua miguu juu ya ndoo, maana nilikuwa nimeshamweleza yeye mambo yangu. Haukukoma. Nikapuliza tena. Nilitazama saa ya ukutani. Dakika tano. Nane. Bado saa nne na nusu kufika magharibi. Sauti ile ya zamani ilinijia, ikisema vumilia, umebakisha kidogo, siku kumi tu mwezi uishe. Na laundri nzima walikuwa wananitazama, Hadija mbele yao.

Dakika ya kumi ilipotimia niliomba maji. Madam aliuliza kama nataka twende stoo. Nikasema hapana, hapahapa. Nilipiga bismillahi, nikameza kidonge, nikanywa glasi nzima ya maji mbele ya watu kumi na wawili. Nilidhani nitalia. Sikulia, nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo na hajui kwa nini aliubeba. Dakika kumi na tano baadaye zile mbio zilikatika, mapigo sabini na mbili, na nikaomba na mkate.

Jioni, tukibadilisha nguo, Hadija alinifuata akaketi kando yangu.

"Mwajuma, leo umekunywa maji."

"Nimekunywa. Ndivyo daktari alivyoniambia nifanye."

"Mimi nameza dawa ya presha," alisema. "Mwaka jana uliniambia dawa za kutwa mara mbili zinajumlishwa wakati wa futari. Hii mwaka pia najumlisha. Jioni kichwa inazunguka, nikasema ni funga. Khalas, Mungu anajua."

Nilikumbuka. Ilikuwa wiki ya kwanza ya Ramadhani ile, tunakunja mataulo, nami najigamba na akili yangu. Na nilipoanguka, badala ya kumwambia sababu, nilimwambia damu imepungua. Ramadhani mbili mwenzangu alikuwa amefuata kosa langu kwa sababu nilificha jinsi lilivyoniangusha. Nikamweleza yote, toka vile vidonge viwili mpaka mkate wa stoo. Nikamwomba msamaha. Akacheka kidogo, akasema na yeye ana mdomo, angeweza kumuuliza daktari wake. Kesho yake asubuhi tulipanda metro pamoja mpaka kliniki yake. Daktari wake alimpima amesimama na amelala, akakunja uso, akamwambia aache kufunga mpaka dawa ipangwe upya.

Namshukuru Mungu aliyenipa moyo huu na kinjia chake cha ziada, na aliyewapa watu elimu ya kuutuliza. Namshukuru yule mama wa Kisudani, na Nekesa, ambaye nyuzi za juu ya jicho langu anaziita hati ya ukaidi. Kwako unayesoma na una dawa ya moyo au ya presha, nakuomba usiipange mwenyewe. Usiiache kwa sababu umepona, huenda umepona kwa sababu unaimeza. Na kama kuna swali unaloogopa jibu lake, hilo ndilo la kuuliza kwanza, kabla mwezi haujaandama.

Siku ya ishirini na mbili, saa saba mchana, nilikuwa nimefunga. Hadija alisimama katikati ya laundri ameshika kidonge chake kiganjani, anatazama huku na huku, na niliona macho yake yanakwenda kwenye mlango wa ile stoo. Nilichukua glasi nikamletea maji mimi mwenyewe, nikakaa naye mezani mpaka akamaliza kula.